Nilimaliza kulipa mkopo wa chuo, mdogo wangu anasubiri ufutwe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mtoto wa kwanza katika familia ya watoto wanne, na ninakuandikia kwa sababu jambo lililoanza kama utani wakati wa chakula sasa limenifanya nishindwe kuzungumza na mdogo wangu wa kiume bila sauti kupanda.

Nilisoma shahada ya ualimu kwa mkopo wa serikali, nikaajiriwa mwaka 2010. Makato yalianza mwaka uliofuata, asilimia 8 ya mshahara, na sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 yakapanda hadi asilimia 15. Nilikopeshwa shilingi milioni 5 na ushee. Ukijumlisha ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, nimelipa karibu milioni 8, kwa hesabu niliyoifanya mwenyewe kutoka kwenye hati zangu za mishahara, nilizozitunza zote. Deni liliisha Desemba 2020. Tarehe 1 Mei 2021, hata nusu mwaka haujapita, tukiwa kwenye sherehe za Mei Mosi wilayani kwetu, habari zikatufikia kwamba Rais Samia, akihutubia kule Mwanza, ametangaza kuifuta tozo ile. Walimu wenzangu walishangilia. Nami nilipiga makofi, lakini mikono ilikuwa mizito.

Mdogo wangu alimaliza chuo mwaka 2016. Ajira hakupata, akahangaika miaka mitatu, kisha akafungua duka la vifaa vya ujenzi ambalo, namshukuru Mungu, limesimama: ana vijana wawili aliowaajiri na mwaka jana amenunua gari. Katika deni lake la takriban milioni 11 hajarejesha hata shilingi moja. Nikimwuliza, hunijibu kwa utulivu unaoniudhi kuliko matusi: "Dada, wewe uliharakisha. Waliosubiri wamefutiwa asilimia 6, wakafutiwa na adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa kulipa. Tukisubiri zaidi tutafutiwa lote. Hata Marekani wamefuta." Kwake yeye, kulipa ni jambo la watu ambao mwajiri anawakata kabla hawajauona mshahara.

Ningeweza kumwachia deni lake kama si mambo mawili. La kwanza, mdhamini wake ni mimi. Nilitia sahihi mwaka 2013, baba akiwa amekwishafariki. La pili, mdogo wetu wa mwisho, binti, amemaliza kidato cha sita na ameniletea fomu ya maombi ya mkopo ili nimdhamini na yeye. Kabla hajanifikia, kaka yake alikuwa amekwishamwambia, "Chukua tu, hizo hela hazirudi." Mama ananihimiza niache maneno mengi nitie sahihi, kwa sababu mtoto akikosa mkopo lawama itakuwa yangu.

Naomba unieleze kama mdogo wangu ana haki ya kusubiri, na kama nitie sahihi au nisitie. Tena nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nikimsikia mtu redioni akidai mikopo ya wanafunzi ifutwe, moyoni naomba asisikilizwe. Je, nimekuwa mtu mbaya?

Dada Mkubwa, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na swali ulilolitupa mwishoni, kwa sababu nadhani ndilo lililokufanya ushike kalamu. Wewe si mtu mbaya. Una uchungu, na uchungu wako ni halali: umelipa tozo ambayo taifa lenyewe limekuja kukubali kwamba haikustahili kutozwa, na umeimaliza miezi michache kabla ya kufutwa. Asiyeumwa na jambo kama hilo ana moyo wa jiwe. Hata hivyo uchungu ni kitu kimoja na hoja ni kitu kingine, na ukiusimamisha uchungu huo kama hoja ya kupinga msamaha kwa wengine, hautasimama. Mdogo wenu wa mwisho amesoma kidato cha tano na cha sita bila ada, kwa kuwa ada ya madarasa hayo ilifutwa mwaka 2022. Ya kwako mama aliitafuta mwenyewe, na bila shaka unakumbuka alivyoitafuta. Sidhani kama uliwahi kutamani ada ya binti irudishwe ili afanane na wewe. Ungekuwa utaratibu wa dunia kwamba hakuna nafuu itakayotolewa mpaka asiwepo hata mmoja aliyeteseka kabla yake, basi hakuna ada wala tozo ambayo ingewahi kufutwa popote.

Kwa hiyo sababu ya "mimi nililipa, na wao walipe" iweke kando. Si kwamba ni dhambi. Ni kwamba mdogo wako anaijua, anaitarajia, na kila unapoitoa anapata njia rahisi ya kukuona mwenye wivu badala ya kukujibu.

Sasa twende kwake, na nitamtendea haki kuliko unavyotarajia. Kwa hesabu tupu, hajakosea sana. Tozo ya asilimia 6 ilipokuwepo, kila mwaka wa kukaa kimya ulilinenepesha deni, na yapo madeni yaliyokuwa yakikua huku mwenyewe akikatwa kila mwezi. Tangu tozo ile ifutwe, milioni 11 za leo zitabaki milioni 11 mwaka ujao, na kwa kuwa thamani ya shilingi hushuka, anayechelewa analipa kwa fedha nyepesi kuliko aliyewahi. Ukimwambia kwamba kuchelewa kunamtia hasara, atakucheka, na atakuwa na sababu ya kucheka. Tofauti yangu naye haimo kwenye hesabu.

Tofauti yangu ya kwanza iko kwenye neno "kufuta", kwa sababu analitumia kwa mambo mawili yasiyofanana. Kilichoondolewa mwaka 2021 ni tozo na adhabu, yaani vitu vilivyoongezwa juu ya mkopo. Mkopo wenyewe, zile fedha alizopewa za ada na za bumu, yaani posho ya kujikimu, haukuguswa. Kuondoa kinacholiongeza deni ni kumwezesha mdaiwa alimalize. Hakuna mahali alipoahidiwa kwamba hatalipa. Yeye ameona mlango wa uani umefunguliwa akadhani nyumba amepewa.

Ya pili ni hiyo Marekani yake. Ni kweli kwamba Agosti 2022 Rais Joe Biden alitangaza mpango wa kuwafutia wadaiwa wa mikopo ya serikali kuu hadi dola 10,000 kila mmoja, na hadi dola 20,000 kwa waliokuwa wamepata ruzuku ya Pell, ambayo hutolewa kwa wanafunzi wa familia zenye kipato cha chini. Watu wapatao milioni 26 walijitokeza, na karibu milioni 16 kati yao maombi yao yakaidhinishwa. Kisha tarehe 30 Juni 2023 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ikasema Rais hakuwa na mamlaka ya kufanya hivyo chini ya sheria ya mwaka 2003 aliyoitegemea, na mpango ukafa. Mtu aliyekuwa na barua ya kuidhinishwa mkononi alirudi kuwa mdaiwa kama alivyokuwa. Ikiwa ahadi iliyotangazwa na rais hadharani iliweza kuanguka namna hiyo, basi matumaini ya mdogo wako, ambayo hayajatangazwa na mtu yeyote, yana uzito gani?

Lakini Marekani kuna upande mwingine ambao watu wetu hawausimulii, nao ndio unaonivutia zaidi. Katika utawala huohuo, watu zaidi ya milioni 5 walifutiwa madeni kwa njia ambazo zilikuwepo kisheria kabla ya mpango ule mkubwa: wenye ulemavu wa kudumu, waliodanganywa na vyuo vyao, waliokuwa wamelipa kwa muda mrefu kulingana na kipato, na watumishi wa umma. Hao watumishi wa umma wana utaratibu wao tangu mwaka 2007: mwalimu, muuguzi au mtumishi wa serikali ya mtaa akilipa marejesho 120 ya kila mwezi, yaani miaka 10, huku akiwa kazini, kilichobaki kinafutwa. Tazama vizuri ni nani anayefaidika hapo. Ni aliyelipa mara 120. Msamaha huo ulimfuata mtu wa aina yako, mwanangu, na aliyekaa dukani akisubiri bila kutoa hata senti haumhusu. Mfano anaoutumia mdogo wako kujitetea unamshtaki.

Niseme pia ninaposimama mimi, maana si haki kukuhubiria ulipaji bila kukuambia kwamba sikuwahi kulipa. Nilisoma chuo kikuu miaka ya themanini. Mikopo ilianza mwaka wa masomo 1994/95, na kabla ya hapo serikali ndiyo iliyotugharamia, pamoja na chakula na posho. Rika langu halikufutiwa deni kwa sababu hatukuandikiwa deni. Tunapowakemea vijana kwamba wamezoea vya bure, tunasahau nani alianza kuvizoea.

Lakini hata bure ile iliambatana na swali la mhitimu anadaiwa nini na waliomsomesha. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa ambao ungewafanya watumikie, na kwa miezi 18 ya utumishi huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara wao. Mwalimu Nyerere aliwapokea Ikulu, akawasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu hubishana mpaka leo kama adhabu ile haikuzidi. Ninachokitaka hapo ni hicho cha pili, kwamba aliyewadai alianza kujikata mwenyewe. Kila nikisikia mjadala wa mikopo najiuliza ni nani kati ya wanaosema "walipe" yuko tayari kukatwa, na ni nani kati ya wanaosema "ifutwe" ametaja fedha zitatoka wapi.

Kwa sababu zitatoka mahali. Mama anayeuza maandazi, ambaye mtoto wake aliishia darasa la saba, akinunua mche wa sabuni analipa ndani yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Ukifuta mikopo yote kwa wote, miongoni mwa wanaolipa bili ni yeye, na miongoni mwa wanaosamehewa ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi na gari. Hiyo ndiyo sababu inayonizuia kuunga mkono msamaha wa jumla, na utaona haina uhusiano wowote na wewe kuwahi kulipa. Kwa mwalimu aliyepelekwa kijiji kisicho na barabara akakaa huko miaka 10, ningeunga mkono afutiwe sehemu kubwa, tena kwa sheria iliyoandikwa, bila kungoja hotuba. Kwa mhitimu ambaye hana kipato chochote, ningetaka asihesabiwe kuwa mkaidi. Na ningependa tulizungumze pia lile la asilimia 15, kwa maana waliotia sahihi wakati wa asilimia 8 walikuwa na haki ya kushangaa. Mizigo hii haikugawanywa sawa: mwenye mshahara hana pa kujificha, na aliyejiajiri analipa akipenda, ingawa sheria ya Bodi ya Mikopo inamdai naye alete marejesho yake. Unaweza kuyadai hayo yote kwa sauti kubwa na bado ukawa unalipa. Mdogo wako angekuwa na heshima yangu kama angefanya hivyo.

Tofauti ya tatu ndiyo kubwa, na nashangaa umeipitia kwa haraka. Bodi ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 kutoa mikopo na kuikusanya, na kinachokusanywa kwa waliotangulia huingia kwenye kile kinachokopeshwa wanaofuata. Kijana anayemwambia dada yake "chukua tu, hazirudi" anamwelekeza kisimani huku ameificha ndoo. Lakini hata hilo ni la taifa zima. La nyumbani kwenu ni zito zaidi: mdhamini ni wewe. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, dhima ya mdhamini ni sawa na ya mdaiwa, isipokuwa mkataba wenyewe ukisema vinginevyo. Kwa hiyo mdogo wako anaposema atasubiri aone, habahatishi kwa mali yake. Duka ni lake, gari ni lake, lakini kamari hiyo anaicheza kwa sahihi yako, na hakukuuliza.

Hapo ndipo ungeanzia mazungumzo, na usiyafanye mbele ya mama wala kwenye kikao cha familia, kwa kuwa mwanamume aliyekosolewa mbele ya wadogo zake hutetea kiti chake kwanza. Nenda dukani kwake jioni wakati wa kufunga hesabu. Usiitaje Marekani, usiitaje Mei Mosi, na zile milioni 8 zako ziache nyumbani. Kabla hujaenda, tafuta nakala ya fomu uliyoisaini mwaka 2013. Kama huna, mdogo wako aombe kumbukumbu zake kwenye Bodi, kwa kuwa maneno yaliyomo humo ndiyo yatakayokuambia umejifunga kwa kiasi gani. Mwombe aitafute taarifa ya deni lake, si kwa kukisia, maana inawezekana adhabu iliyofutwa bado anaihesabu kichwani na deni likawa dogo kuliko anavyodhani. Kisha mwambie jambo moja: "Nataka jina langu litoke kwenye hili." Akikubali kulipa shilingi 150,000 kwa mwezi, milioni 11 zitaisha kwa miaka 6 na miezi michache. Kwa duka lenye vijana wawili wa kuajiriwa hicho si kiasi cha kulifunga, na kama kweli biashara imebana, aende mwenyewe kwenye ofisi ya Bodi aombe kupangiwa kiwango, kwani anayejitokeza kwa hiari husikilizwa tofauti na anayetafutwa.

Akikataa, usilipe kwa niaba yake. Najua wazo hilo limekupitia, maana ninyi watoto wa kwanza ndivyo mlivyo. Mwandikie ujumbe mfupi wenye tarehe unaoeleza kwamba umemwomba alipe na amekataa, uuhifadhi, na ukidaiwa uwe na cha kuonyesha jinsi mambo yalivyokuwa. Hautakuondolea dhima, lakini utawasaidia watakaokaa kuwasuluhisha.

Kuhusu binti, nadhani utatia sahihi, na sitakuzuia. Mtoto asiyekuwa na baba, aliyefaulu, hawezi kunyimwa chuo kwa sababu kaka yake ni mjanja. Ila mama amekosea kusema usiseme maneno mengi. Sema maneno mengi. Mweleze binti kwamba unachokisaini si ruhusa ya kuchukua fedha, ni ahadi ya kuzirudisha itakayobeba jina lako, na umwonyeshe zile hati za mishahara ulizozitunza, mstari kwa mstari, makato ya kila mwezi, bila kulalamika, ili ajue mkopo unafananaje ukiwa unarudi. Mkubaliane kwamba siku atakapopata kipato cha kwanza, kiwe cha ajira au cha kuuza nguo mtandaoni, utakuwa mtu wa kwanza kujua. Pia akope kiasi anachohitaji. Kama kuna sehemu ya ada ambayo kaka yake mwenye duka anaweza kuichangia, mwombe kaka huyo aichangie, na usishangae akikubali. Huenda akaona ni rahisi kumlipia mdogo wake kuliko kulipa deni, na hapo atakuwa ameanza kurejesha bila kujua.

Fomu isiletwe kwako ikiwa imekwishajazwa. Binti aje nayo tupu, akae mezani kwako, aisome kwa sauti kuanzia mwanzo mpaka sehemu ya mdhamini, na kila neno asilolielewa mlitafute pamoja. Kalamu uitoe baada ya hapo.

Wako,
Shangazi